Zana za Mkono za Kuchonga Bakuli la Mti: Uanze na Ipi?

Ukiwa na hela ya zana moja tu, nunua tezo, yaani kishoka ambacho makali yake yamekingama na mpini. Si ile bapa ya mafundi wa mitumbwi, bali tezo ya kombo, yenye makali yaliyojikunja kama ukucha wa kidole gumba. Wachongaji wa Wamunyu kule Ukambani, ambako kazi hii inahusishwa na Mutisya Munge aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, hushika tezo kabla ya zana nyingine yoyote. Kwa bakuli, tezo ndiyo inayokomba tumbo lote.

Dukani usidanganywe na rangi. Pitisha tupa kwenye makali: ikiuma kwa urahisi kama kwenye msumari, rudisha. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya namna hiyo, na makali yake yalilala siku ya kwanza tu, tena kwenye mwembe mbichi. Tezo nzuri nilizopata zimefuliwa na wahunzi wa jua kali kwa springi kuukuu za gari. Mnoleo uwe upande wa mgongo, nje ya kombo, ndipo zana itoke yenyewe kwenye shimo badala ya kuzama. Uzito wa nusu kilo na kitu unatosha, na mpini usizidi sana shibiri moja.

Ya pili ni bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda, upana wa milimita 25 hadi 35. Hii hufuta alama za tezo na kufika pembeni, mahali ukuta unapokutana na kitako. Nunua moja nzito. Zile seti za patasi 12 kwenye boksi ziache hapo hapo. Utatumia mbili, na zote mbili za chuma laini.

Kisu kilichopinda nakiweka cha tatu. Ni cha kumalizia tu, lakini uso kinaouacha hauhitaji msasa. Angalia mkono: cha kulia na cha kushoto ni visu viwili tofauti.

Ndoano za kukerezea ni za mwisho, kwani bila kerezo, mtambo wa kuzungusha mti unapouchonga, hazina kazi. Hata hivyo nazipenda mno. George Lailey wa Bucklebury, Uingereza, aliyefariki 1958, alizifua mwenyewe, na kwa kerezo la kukanyaga kwa mguu alitoa mabakuli kadhaa kutoka pande moja la mti, dogo ndani ya kubwa. Ukizitaka, mchoree mhunzi.

Hela iliyobaki iende kwenye jiwe la kunolea na kipande cha ngozi cha kumalizia makali. Mti usinunue mkavu: omba gogo bichi, lipasue katikati, ondoa kiini, chonga kuta za unene mmoja, kisha lifukie bakuli kwenye maranda yake wiki kadhaa likauke polepole. Nililoanika juani lilipasuka kabla ya magharibi.