Pa kuweka bledi za msumeno wa meza: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Bledi yangu ya meno 60 iliharibikia kwenye msumari wa ukutani, ikiwa haijamaliza hata plaiwudi tatu. Nilikuwa nimeitundika pamoja na ile ya meno 24 katika kibanda changu nyuma ya nyumba, hapa Mamboleo, Kisumu. Siku moja nilivuta ya nyuma haraka haraka, meno yakasuguana, wala sikusikia kitu. Kesho yake mlango wa kabati ukatoka na ukingo uliochanika kama mkeka uliotafunwa na panya. Nikaipeleka bledi dirishani, nikaizungusha polepole nikitia alama kila jino kwa kalamu ya wino. Mawili yalikuwa yamemeguka ncha.

Ncha hizo ni za kabaidi, vipande vidogo vilivyochomelewa kwenye kila jino. Ni ngumu kuliko chuma cha bledi yenyewe, ndiyo maana hukaa na makali muda mrefu. Lakini zikigongana humeguka kama kigae, na kunoa hakuwezi kurudisha kilichodondoka.

Nimejaribu njia kadhaa tangu siku ile, na ninazipanga kwa kipimo kimoja: je, naweza kutoa bledi ninayoitaka bila kugusa nyingine, na bila kuona uvivu? Uvivu si mzaha. Mtu akiona kubadilisha bledi ni kazi kubwa, atakata plaiwudi kwa meno 24 yaliyotengenezwa kwa kupasulia mbao, kisha alaumu plaiwudi.

Kabla ya hayo yote, nunua spana. Mashine nyingi huja na mbili, moja ya kushika ekseli, yaani mhimili unaobeba bledi, na moja ya nati, na mashine ya mitumba huja bila hata moja. Pima nati, ununue saizi yake kamili. Usikubali koleo: huila nati kona, na siku itakapoteleza mkono wako utaishia kwenye meno. Kwa kawaida nati hufunguka ikizungushwa upande uleule bledi inakozunguka. Ongeza glavu za ngozi za kushikia bledi, uzivue kabla ya kuwasha mashine kwa sababu kitu kinachozunguka hunasa glavu na mkono pamoja. Vile vifuniko vya plastiki vya kuzuia bledi isizunguke wakati wa kufungua nati, viache dukani. Kipande cha mbao laini kilichotiwa mbele ya meno hufanya kazi hiyohiyo.

Na plagi itoke kwenye soketi. Huku kwetu hatari kubwa ni stima kupotea katikati ya kazi. Mtu husema, "Acha nibadilishe bledi tukingoja irudi," naye amesahau swichi ikiwa imewashwa. Mashine yenye swichi ya kawaida huanza kuzunguka yenyewe stima ikirudi. Kwa hiyo spana zangu nimezitundika juu ya soketi, mbali na mashine. Nikizifuata, mkono unakutana na plagi kwanza.

Sasa mpangilio.

Namba moja ni sanduku la plaiwudi lenye vyumba, la kutengeneza mwenyewe au kuagiza kwa fundi. Bledi ya inchi 10 ina upana wa milimita 254, basi ndani ya sanduku acha kama 280. Kata mifereji juu na chini, kila mmoja kwa mpito mmoja wa msumeno. Upana wa mfereji unaokatwa na bledi ya kawaida ni milimita 3 na kidogo, na hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizobanwa) ya milimita 3 huingia humo bila gundi. Kila bledi inasimama peke yake kati ya hadibodi mbili. Siri iko mbele: kata nusu mwezi kwenye kila hadibodi ili vidole vishike bapa la bledi na kuepuka meno. Inamisha sanduku nyuma kidogo, la sivyo bledi zitajiviringisha nje. Mzee aliyenikatia vipande pale soko la Kibuye alilitazama, akaniuliza, "Kijana, hizi ni rekodi za benga unaweka?" Andika idadi ya meno kwenye mdomo wa kila chumba.

Namba mbili, kigingi cha mbao ukutani, na kadibodi nene kati ya bledi na bledi. Ni rahisi mno, na kwa mwenye bledi mbili tu kinatosha. Ukifika nne, ile unayoitaka huwa ya nyuma kabisa. Kiweke mahali ambapo mtoto hafiki na bega la mpita njia haligusi.

Namba tatu, kasha la plastiki ambalo bledi huja nalo. Ni zuri la kubebea bledi kwenda kunoa kwa bodaboda. Kwa kuhifadhi, unyevu wa ziwa hujifungia ndani, na bledi iliyowekwa na jasho la vidole hutoka na madoa ya kutu. Popote utakapoiweka, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, kisha uyafute kabla ya kukata, yasije yakaingia kwenye mbao utakayoipaka vanishi. Utomvu wa saiprasi hulainika ukiloweka bledi kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya unga. Sugua kwa mswaki mzee, ukaushe.

Droo tupu, gunia na msumari sivipi namba.

Ukiongeza bledi ili kujaza sanduku, soma maandishi yaliyo juu yake. Tundu la katikati lazima lilingane na ekseli: mashine za mtindo wa Ulaya mara nyingi ni milimita 30, za Marekani ni inchi 5/8. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye bledi isiwe chini ya kasi ya mashine yako. Nami ningeanza na mbili, ya meno 24 na ya 60, nikiacha vyumba vingine vikiwa wazi hadi kazi iviombe.