Madarasa ya jioni kwenye jimu moja ya Milimani, Kisumu: adabu ipo, nafasi haba

Darasa la saa kumi na mbili jioni ndilo linalojaa, na ndilo linaloonyesha ubora wa jimu hii. Kocha huwapanga watu wawili wawili baada ya dakika 10 za kupasha misuli moto. Anayechelewa huanza peke yake pembeni, kwa sababu akiingia katikati anavuruga zamu ya sekunde 40 za kazi na 20 za kupumzika. Sheria nzuri sana hiyo.

Kinachopendeza zaidi ni kwamba hakuna anayekusanya vifaa kabla wa mwisho hajamaliza. Wote husimama wakimpigia makofi. Na kumrekebisha mwenzako ni kazi ya kocha. Wewe mhesabie tu marudio.

Kasoro iko kwenye vyuma. Baa (chuma kirefu cha kunyanyulia) ya kilo 20 ikiwa juu ya stendi, watu huvua sahani (vyuma vya duara vya uzito) zote za upande mmoja kwanza. Upande wa pili ukibaki na kilo 40, baa inabinuka na kumwangukia jirani. Vua moja huku, moja kule. Klipu za kubana sahani nazo hazitoshi, na bila klipu sahani huteleza. Hili uongozi ulirekebishe haraka.

Kwa joto la Kisumu, beba taulo mbili: moja yako, moja ya kutandika kwenye benchi. Dawa ya kupangusia ipo, lakini chupa huisha mapema. Kupiga video ni lazima uombe ruhusa kwanza.

Kwa anayeanza, darasa la asubuhi lina nafasi zaidi.