Asilimia ilinimezea mtihani: uzoefu wangu wa kujifunza LaTeX hapa Mbeya

Nianze na swali la saba la mtihani wa hesabu nilioutunga, maana ndilo limenikalisha hapa kuandika wakati madaftari ya watoto yananisubiri.

Kwenye kompyuta, kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya kuchapwa, nililiandika hivi: "Benki inatoa riba ya 12% kwa mwaka. Asha aliweka sh. 400,000. Atapata riba kiasi gani baada ya miaka 2?" Swali la kawaida la darasa la saba. Jibu ni sh. 96,000, na mtoto aliyekunywa chai asubuhi analipata. Kwenye karatasi, mbele ya watoto wa shule tano za kata yetu, lilisomeka hivi: "Benki inatoa riba ya 12". Basi. Asha hayupo, hela yake haipo, hata alama ya kuuliza haipo.

Na huo haukuwa mtihani wangu wa darasani, kwamba ningesimama nikasema "jamani, rukeni la saba." Ulikuwa wa ujirani mwema, ule ambao shule jirani zinafanya mtihani mmoja. Walimu wenzangu mnanielewa. Unatunga wewe, halafu kosa lako linasafiri hadi kwa mwalimu mkuu wa shule ya bondeni ambaye miaka yote alikuwa anatafuta pa kukushikia.

Nirudi nyuma kidogo, ila sitakaa sana huko. Nilikuwa natumia Word kama watu wengine. Nyumbani mtihani unapendeza, nikiufungua kwenye kompyuta ya steshenari, sehemu, zile za namba juu ya namba, zimegeuka viboksi, pembetatu imehamia ukurasa wa pili, na swali la 20 limeanza upya kuwa la 1. Mpwa wangu anayesoma chuo mjini akaniambia, "Shangazi, kuna kitu kinaitwa LaTeX, humo hupangi kwa macho. Unaiandikia amri kwamba hapa ni sehemu, hapa ni orodha ya maswali, yenyewe inapanga." Akanionyesha kazi ya mwenzake. Nikaona tatu juu ya nane, kimstari katikati kimenyooka, namba zimetulia kama zimechongwa. Nimefundisha sehemu zaidi ya miaka kumi na tano na sijawahi kuziona zimevaa vizuri namna ile. Nilipenda, siwezi kukataa, nilipenda palepale.

Mjini kulikuwa na kijana anafundisha kwenye kachumba maeneo ya Mwanjelwa, Jumamosi tatu kwa sh. 45,000. Jina lake nalificha, na la kile kituo pia, ingawa leo asubuhi nilikuwa na hamu ya kuyataja yote mawili.

Jumamosi ya kwanza nilitamka "lateksi", darasa likacheka. Kijana akasema, "Madam, lateksi ni glavu." Sawa, nikacheka nao. Baadaye nimekuja kusoma kwamba Leslie Lamport mwenyewe, Mmarekani aliyeitengeneza LaTeX mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakutaka kuwaamulia watu waitamkeje. Laiti ningeyajua hayo siku ile, angenikoma. Lakini kusema kweli siku hiyo alifundisha vizuri. Nilirudi nyumbani najua kuanzisha waraka, kuweka orodha ya maswali, na ile amri ya sehemu yenye beksleshi (kile kimstari cha kulala nyuma, \) mbele na mabano mawili yenye kiuno, moja la namba ya juu, la pili la namba ya chini.

Jumamosi ya pili sikwenda. Tulikuwa msibani Kiwira, na nilimpigia simu kumwambia. Kumbukeni hiyo simu.

Jumamosi ya tatu umeme ulikatika saa nne, tukaangaliana hadi saa saba, tukaagana.

Basi nikautunga ule mtihani. Ilikuwa mwezi wa saba, au wa nane ulishaingia, ninachokumbuka ni baridi ile ya kuandika ukiwa umejifunga kitenge mabegani juu ya sweta. Watu watasema si ungekagua kabla ya kudurufu. Nilikagua! Nilikagua sehemu zote, michoro yote, namba za maswali zote. Kwa kosa la tahajia jicho langu ni kali. Ila nani hukagua kama nusu ya swali bado ipo?

Na programu yenyewe haikusema neno. Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Siku nilipoacha bano moja wazi ilinishushia lawama ukurasa mzima, kwa Kiingereza, kama mkaguzi. Mstari ukilegea tu kidogo, maneno yameachana, inakuandikia kwamba ubaya wake ni 10,000. Elfu kumi, kwa mstari uliolegea! Lakini imemeza riba ya Asha yote, na gunia la viazi, na sweta, ikatulia kimya na kunitolea karatasi safi kana kwamba kazi imekwisha.

Gunia la viazi lilikuwa swali la 19. Niliandika: "Gunia la viazi liliuzwa sh. 80,000. Bei ikapanda kwa 25%. Tafuta bei mpya." Karatasini ikaishia "Bei ikapanda kwa 25". Watoto hawakushangaa hata kidogo. Wengi waliandika 80,025. Na ukikaa ukafikiri, wako sahihi, wamejibu walichoulizwa. Wale wa sweta la sh. 15,000 lililopunguzwa bei "kwa 10" wakaandika 14,990. Kwa Asha, mmoja wa shule yangu aliandika jibu ni "12", nadhani kwa heshima tu, ili asiache wazi.

Usahihishaji ulifanyika shuleni kwetu. Yule mwalimu mkuu wa bondeni aliishika karatasi, akavua miwani, akaivaa tena, akasoma kwa sauti, "Benki inatoa riba ya kumi na mbili." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Tukakubaliana maswali yale matatu kila mtoto apewe alama. Nikaenda kusimama nje kwenye migomba nikijifanya napokea simu.

Usiku ule nikayaweka maswali mezani, mazima na mabovu. La 7, la 19, la 31 yamekufa. La 24, "Badili 3/8 kuwa asilimia", liko hai. Nikayatazama mpaka chai ikapoa. Yaliyokufa yote yana alama ya asilimia, na yamekufa palepale ilipokaa. La 24 nimeandika neno. Kwa hiyo mwizi nilishamjua, nilichokosa ni sababu.

Jumamosi nikashuka mjini. Kutoka kwetu Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70. Kosta imejaa, mvua ya kwetu hiyo isiyojali kwamba ni kiangazi, hadi Uyole, halafu daladala hadi Mwanjelwa. Nikamkuta kijana anakula chipsi mayai. Hata shikamoo hakutoa, na mwanangu wa kwanza ni mkubwa kwake. "Mambo, madam." Nikampa karatasi. Akasoma, akacheka. Wala hakikuwa kile kicheko cha pole sana mama. Alicheka mpaka kijiti cha chipsi kikamponyoka.

Akasema, "Madam, kompyuta haikosei. Hiyo alama ni ya kuandikia maelezo yako mwenyewe. Ukiiweka, kinachofuata mpaka mwisho wa mstari programu inakiruka. Ukitaka itokee, tanguliza beksleshi. Nilifundisha wiki ya pili."

"Wiki ya pili nilikuwa msibani, na nilikupigia simu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Akaongeza, "Halafu madam, mwalimu wa msingi LaTeX ya nini? Hii ni ya watu wa vyuo wanaoandika tasnifu. Wewe rudi Word upumzike."

Kulikuwa na mabinti wawili wanatoa kopi za vyeti. Walinitazama, wakatazama chini. Nikamwambia "ndaga fijo", nikatoka. Kwa wasiojua Kinyakyusa, ni asante sana, lakini mama yangu alikuwa na namna ya kuitamka ikawa kitu kingine, na siku hiyo niliitamka kama yeye.

Nikiwa kwenye kosta ya kurudi nilishaandika haya maelezo kichwani, na hukumu ilikuwa fupi: nyota moja, msisogee, pesa imepotea. Mtu anakula sh. 45,000 yako, anafundisha siku moja na nusu, halafu jambo linaloweza kukuaibisha mbele ya kata nzima analiweka wiki ya pili, kama vile kumfundisha mtu kuendesha gari halafu breki uziweke kwenye somo la mwisho. Alama ya asilimia! Siku ya kwanza, dakika ya kwanza, kabla hata ya jina la programu, hiyo ndiyo ingetangulia.

Lakini nilimuuliza mpwa wangu, naye akamuuliza mwenzake aliyekuwepo wiki ya pili. Anasema ni kweli ilifundishwa, pamoja na ile alama ya dola na ile ya "na", zote ni herufi zenye kazi maalumu. Kwa hiyo hapo kijana namwachia. Shikamoo simwachii.

Halafu likatokea lililoniharibia hasira. Nilikuwa natafuta ni nani hasa alibuni huu mtambo, nikiwa na nia mbaya, nikamkuta Donald Knuth, profesa wa Stanford. Mwaka 1977 alionyeshwa kurasa za majaribio za kitabu chake, akaona jinsi hesabu zilivyochapwa, akachukizwa. Akaamua atatengeneza mwenyewe programu ya kuzipanga. Alidhani ni kazi ya muda mfupi tu, ikamchukua takriban miaka kumi. Hiyo ndiyo TeX, ambayo LaTeX ya Lamport imejengwa juu yake. Mtu mzima ananuna miaka kumi kwa sababu sehemu zimekaa vibaya kwenye karatasi! Nikajiambia, huyu ni mwenzangu.

Tena matoleo yake anayapa namba zinazoisogelea pai, tarakimu moja zaidi kila mara. La mwaka 2021 ni 3.141592653. Sisi huku tunawapa watoto 22/7 na maisha yanaendelea. Na aliahidi hundi kwa atakayemwonyesha kosa kwenye programu. Ilianza dola 2.56, ikawa inaongezeka mara mbili mara mbili hadi dola 327.68 ikasimama hapo. Nikachukua kalamu, nikapata ni kuzidisha kwa 2 mara 7. Nikapiga pia hesabu ya nauli zangu na aibu yangu, nikaona dola 327.68 zinatosha. Ila alama ya asilimia si kosa. Imewekwa hivyo kwa makusudi. Nenda kadai!

Basi sikuiacha. Nilitanguliza zile beksleshi tatu, Asha akarudi na hela yake, viazi vikarudi. Muhula uliofuata nikatunga tena, maswali yote, na nilipohamisha la 30 kuwa la 3, namba zikajipanga zenyewe bila kuniuliza. Pembetatu moja yenye pembe mraba ilinigharimu usiku mbili na nusu, sitaki kuizungumzia, lakini haikuhama. Nilifungua ile karatasi kwenye kompyuta mbovu kuliko zote Tukuyu na haikuhama.

Na huyu mwizi nimempa kazi. Kwa kuwa kinachomfuata hakitoki karatasini, sasa kila nikimaliza swali naandika alama ya asilimia na jibu lake mbele. Mtihani na majibu viko faili moja, watoto wanapata maswali tu. Karatasi ya majibu iliyokuwa inapotea kila mwaka haipotei tena. Angalizo moja, faili hiyo usimpe mtu wa steshenari. Mpe ile iliyokwisha kupangwa, ya PDF, maana kwenye ile ya kwanza kila kitu kinasomeka, na steshenari zetu tunazijua.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilisema moja. Kwa programu naweka nne, hapana, tatu, kwa sababu ya kule kunyamaza kwake. Nikikumbuka zile sehemu narudi kwenye nne. Kwa mafunzo, kama una mpwa, mpe soda akufundishe. Kama huna, nenda kwa yule kijana, anajua kazi, ila usikose wiki ya pili hata kama kuna msiba. Hapana, msibani nenda. Mwambie akurudie somo, na asiporudia ondoka na hela yako.

Mwanafunzi wangu wa 80,025 yuko kidato cha kwanza sasa. Tulikutana sokoni, mama yake anauza ndizi, akanipa shikamoo kwa mikono miwili, kisha akauliza viazi siku hizi vimefika shilingi ngapi. Nimecheka sana.

Beksleshi ninaijua, na inafanya kazi. Ila kwenye mtihani wa ujirani mwema, mpaka leo, naandika neno asilimia kwa herufi zake zote nane.