Mwanza bila gari lako: ulipie nini kwanza

Marekani na Uswisi kuna watu wenye kipato kizuri tu ambao hawana gari wala hawafikirii kununua. Kampuni ya Zipcar ilianza Massachusetts mwaka 2000 kwa utaratibu mwepesi: mwanachama analikuta gari limeegeshwa mtaani, analifungua mwenyewe, analitumia saa mbili, analirudisha na kulipia saa zake. Mwanza magari ya namna hiyo hatuna, na sababu haijafichika. Kule gari si tatizo kulipata, mtu wa kukuendesha ndiye ghali. Huku ni kinyume: IST ya mtumba inakula akiba ya miaka, lakini dereva yupo kijiweni tangu alfajiri anasubiri simu. Gari la kushirikiana la Mwanza linakuja na dereva wake ndani.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, tukubaliane kipimo. Wengi hupiga hesabu kwa safari ya kila siku, Buhongwa hadi mjini, Igoma hadi Nyakato. Hiyo daladala inaimaliza, tuiache. Pima kwa safari yako ngumu kuliko zote. Mtoto kapandwa na homa saa nane usiku na ninyi mko Buswelu. Basi la Dar limekushusha Nyegezi usiku wa manane na mabegi manne. Mvua imepiga, Mto Mirongo umefurika, na bibi ana miadi hospitali ya Bugando saa moja asubuhi. Njia isiyoweza safari hizo haichukui nafasi ya gari, hata iwe rahisi vipi.

Nafasi ya kwanza: dereva wako wa simu

Namaanisha dereva wa teksi au bajaji mliyezoeana, ambaye namba yake iko kwenye simu ya kila mtu nyumbani, pamoja na ya bibi. Hapa ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza, na ndipo watu wanapochagua ovyo kuliko kote.

Mchague kwa mahali anapolala. Anapoegesha mchana si hoja. Dereva mzuri wa kijiwe cha katikati ya mji anayelala Kisesa hatakusaidia saa nane usiku ukiwa Kiseke. Tafuta anayelala mtaa wenu au wa jirani, kisha tafuta wa pili, maana wa kwanza naye huugua na kusafiri kwenda msibani.

Muulize mapema kama gari ni lake au ni la hesabu. Swali hili lina uzito kuliko rangi ya viti. Dereva wa hesabu anadaiwa na bosi kiasi fulani kila siku, kwa hiyo jioni akili yake iko kwenye kuikamilisha. Ukimwambia akusubiri Bugando saa mbili, moyo wake hautatulia, na akisubiri utalipia. Halafu kuna siku bosi atalichukua gari bila kuaga. Mwenye gari lake ana nafasi ya kukuhudumia, ingawa mara nyingi naye ni ghali kidogo.

Mkishaelewana, andikeni bei za safari zenu za kawaida na kila mmoja abaki nazo kwenye simu: nyumbani hadi Bugando, nyumbani hadi uwanja wa ndege, stendi ya Nyegezi, stendi ya Nyamhongolo. Kila moja iwe na bei ya mchana na ya usiku, na bei ya kusubiri kwa saa. Kulipa kwa wiki hakuna ubaya. Kulipa mwezi mzima mbele ndiko kunakovunja urafiki. Na tafadhali usimpigie siku za mvua tu. Mteja wa mvua tu naye hupokelewa simu kwa kubahatisha.

Bajaji ni nafuu na kwa familia ndogo inatosha sana maeneo ya tambarare. Ikipakia watu watatu na gunia la mkaa kupanda Isamilo, utasikia mwenyewe inavyolia. Na kuna nyumba za milimani, Mabatini na Igogo, ambako hakuna chombo kinachofika mlangoni. Wakazi wa huko hata wakinunua gari watalilaza chini barabarani na kulipa mlinzi.

Nafasi ya pili: kukodi gari kwa siku, ujiendeshe

Hii ni ya harusi, misiba ya nje ya mji na mapumziko. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hesabu yake imebadilika. Zamani aliyekodi gari la siku moja kwenda Sengerema au Geita alilipia pia saa za foleni ya kivuko. Sasa ni kilomita tatu na ushee juu ya maji na umeshavuka, kwa hiyo kukodi siku moja badala ya mbili kunawezekana kweli.

La kuangalia kwanza ni kibao cha namba. Cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha biashara. Mitaani wapo wengi wanaokodisha magari yao ya njano kwa bei tamu, na utamu unaishia hapo. Bima ya gari binafsi imekatwa kwa matumizi binafsi. Likigonga mtu likiwa limekodishwa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa, na wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Lipa zaidi uchukue cheupe, na uombe kuona bima yenyewe. Uhalali wake unahakikiwa mtandaoni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

Pili, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini. Kosa moja ni shilingi 30,000, na gari lenye madeni ya mwezi mzima litakusimamisha kwa trafiki wa kwanza mwenye mashine, utaanza kumpigia mwenye gari ukiwa juani Magu. Baada ya hapo ndipo uangalie tairi la akiba, jeki, pembetatu na mtungi wa zimamoto, upige picha mikwaruzo yote mbele yake na mshale wa mafuta pia. Ukienda Serengeti kupitia geti la Ndabaka, uliza kama mkataba unaruhusu kuingia hifadhini. Ukienda Ukerewe, ushauri wangu ni usikodi kabisa: panda meli hadi Nansio, kisha chukua bodaboda.

Nafasi ya tatu: programu za simu

Programu za kuita gari ni nzuri kwa mgeni na kwa anayekaa katikati, Capri Point hadi Rock City Mall, kwa sababu bei unaiona kabla. Kadiri unavyosogea pembeni ya mji ndivyo magari yanavyopungua kwenye ramani, na dereva atakupigia kuuliza unakwenda wapi kabla hajaamua kuja. Akikuomba uikatishe safari kwenye programu mmalizane mkononi, kataa: unabaki kwenye gari la mtu bila kumbukumbu ya safari. Tena usitegemee moja tu. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma Tanzania baada ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kuweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa kwa dereva, ikarudi Januari 2023. Aliyekuwa na dereva wa simu hakupata shida.

Nafasi ya nne: ubia

Walimu watatu wa shule moja wananunua Noah. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kadi ya gari ina jina la mmoja, na huyo ndiye TRA, bima na trafiki wanayemjua. Ikibidi, andikeni kwa wakili nani anabeba gereji, nani anapata Jumapili, na anayehamishwa kituo analipwaje sehemu yake. Kuhamishwa ndiko kunakovunja ubia mwingi wa watumishi.

Gari la kuazima kwa shemeji sijalipangia nafasi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mafuta utakayoweka yatazidi nauli.

Nani bado anunue

Anunue yule ambaye safari yake ngumu inajirudia kila wiki: mwenye mgonjwa wa kliniki za mara kwa mara, mfanyabiashara wa samaki anayewahi Mwaloni kabla ya mapambazuko, mwenye shamba Misungwi. Wengine wapige hesabu hii kwanza. Chukua gari la milioni 15. Bima kubwa ikikokotolewa kwa asilimia 3.5 ni 525,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 619,500 kwa mwaka. Ukikwepa ukachukua bima ndogo ya 118,000, gari likiibwa umebaki na funguo. Ada ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, ila ilihamia kwenye mafuta, ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei yake kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mwanza ni mbali na bandari. Ongeza tairi, servisi na mlinzi, gawa kwa miezi 12, kisha linganisha na ulichomlipa dereva wako mwezi uliopita.

Ukiona bado gari linashinda, nunua. Ila malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako mpaka kadi isome jina lako TRA.