Miezi 14 na proba za mtandao kwenye kichanja chetu cha bodi

Nina proba sita za J-Link PRO, vidude vya kupakia na kukagua programu ndani ya chipu, zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye mtandao, na mwezi huu zimetimiza miezi 14 katika karakana yetu Mikocheni, Dar es Salaam. Ningezinunua tena kesho. Ila nilizinunua kwa ajili ya jambo moja, nikaja kuzipenda kwa ajili ya jambo lingine kabisa, na hilo la pili ndilo lililonikalisha kuandika.

Kazi yetu ni vidhibiti vya vioski vya maji vijijini. Mtu anagusisha kadi, valvu inafunguka, ndoo inajaa, valvu inajifunga, salio linapungua. Ndani kuna chipu ya STM32L4, modemu ya simu, na betri inayochajiwa kwa sola. Matoleo ya bodi yaliyoko vijijini ni manne, femwea, yaani programu inayokaa ndani ya chipu, ni moja. Kwa hiyo kila badiliko, hata la mstari mmoja, lazima lipite kwenye bodi zote nne, tena bodi halisi zenye valvu halisi inayogonga, kabla halijapelekwa kwenye vioski.

Wenzetu wa nje huita mpangilio wa namna hii shamba. Sisi bodi zetu tumezipanga juu ya fito za mbao kama vyombo vinavyokaushwa uani, basi jina likawa kichanja, na hata ndani ya programu zetu limeandikwa hivyo.

Kichanja cha kwanza kilikuwa na proba nane za USB za bei nafuu, habu mbili, na kompyuta moja ya mezani. Kwa asiyefanya kazi hii: proba ni kile kidude kinachokaa kati ya kompyuta na chipu. Kwa nyaya mbili tu za SWD, mmoja wa data na mmoja wa mapigo ya saa, pamoja na ethi, unaweza kupakia femwea, kuisimamisha katikati ya kazi, kusoma kumbukumbu yake na kuiruhusu iendelee. Bila proba, unabaki kukisia chipu inawaza nini.

Nne kati ya zile nane zilikuja na namba ya utambulisho ileile moja. Kompyuta ikiwashwa upya, proba ya bodi ya tatu inajitokeza kama ya tano, na sisi tunapakia femwea kwenye bodi isiyo yake huku tukishangaa kwa nini kipimo kimefeli. Pili, valvu. Koili ya valvu ikikatiwa umeme hurudisha mruko mkali wa volti, na kupitia nyaya za USB bodi zetu zote zilishirikiana ethi moja na kompyuta. Valvu ikigonga, habu inapotea, na proba zote zinanyamaza kwa pamoja. Tulikuwa tunarudia vipimo mara tatu tatu ili tujue kama kosa ni la femwea au la habu. Kipimo cha kurudiwa mara tatu ili ukiamini si kipimo.

Hilo ndilo lililonipeleka kwenye proba za mtandao. Ndani ya kila tundu la Ethernet kuna transfoma ndogo inayotenganisha umeme wa upande huu na wa upande ule, data inavuka lakini ethi haivuki. Tangu tuhame, valvu zimegonga maelfu ya mara na sijapoteza proba hata moja katikati ya kipimo kwa sababu hiyo.

Kuzifunga ni kazi ya asubuhi moja. Proba inaomba anwani kwa DHCP kama kifaa kingine chochote. Nikaifungia kila moja anwani yake kwenye ruta, nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kibandiko chini ya bodi. Bodi ya toleo la tatu ni .13, na haijawahi kuamka ikiwa kitu kingine. Zangu ni za aina inayopokea umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, kwa hiyo swichi moja yenye UPS inazilisha zote. Umeme wa mtaa ukikatika saa nne usiku, proba haziyumbi. Na nikitaka kuwasha upya moja wapo nikiwa nyumbani, nazima tundu lake kwenye swichi, nahesabu hadi kumi, nawasha.

Ukinunua, usianguke nilipoanguka mimi. Nilidhani kwa kuwa proba iko kwenye mtandao, basi nitaitumia popote nilipo. Nilikwenda Tanga kwa wiki moja, nikaunganisha kompyuta yangu na proba ya Mikocheni kupitia VPN, na kupakia femwea kukawa kama kumsubiri mtu aliyesema yuko njiani. Sababu yake ni rahisi. Programu ya J-Link hufikiria kwenye kompyuta yako. Proba inatumiwa maombi madogo madogo na kujibu, moja baada ya jingine. Ndani ya karakana, kwenda na kurudi ni chini ya milisekunde moja. Ikiwa safari ni milisekunde 60, maombi 1,000 ni dakika nzima ya kusubiri tu. Dawa ni kuweka kompyuta ndogo kando ya kichanja, yangu ni Raspberry Pi, hiyo ndiyo iendeshe seva ya GDB, programu inayopokea amri za kuichunguza chipu, na vipimo vyote. Kazi nzito ifanyike karibu na bodi, barabarani yapite matokeo tu.

Usalama nao usiuache kiporo. Itifaki ya GDB haikuulizi wewe ni nani. Yeyote anayefika kwenye poti 2331 ya seva yako anaweza kufuta chipu au kufungua valvu. Kichanja chetu kiko kwenye mtandao wake peke yake, VLAN isiyoonana na simu za wageni wala printa, na mlango wa kuingilia kutoka nje ni mmoja, VPN ya WireGuard.

Halafu kuna suala la nani anashika bodi gani. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa amefuatilia hitilafu ya modemu kwa saa tatu, ameisimamisha chipu pale pale alipotaka, ndipo vipimo vya jioni vikaanza na kupakia femwea mpya juu yake. Alifunga kompyuta, akaenda kukaa nje, na sikuwa na neno la kumwambia. Proba haizuii jambo hili, na wala si kazi yake. Tukaweka labgrid, programu huria inayotunzwa na Pengutronix ya Ujerumani: kila bodi inakuwa nafasi, unaiomba, unaishika, unaiachia, na mwingine akiitaka anaambiwa imeshikwa na nani. Kama una watu zaidi ya mmoja, hii si ya hiari.

Sasa niingie kwenye lile jambo la pili.

Valvu zetu ni za aina inayobaki pale ilipoachwa. Hazihitaji umeme kushikilia, zinahitaji msukumo mfupi wa kufungua na mwingine wa kufunga. Ni nzuri kwa betri, ila umeme ukikatika valvu ikiwa wazi, inabaki wazi. Kwa hiyo tuna kipimo maalumu: valvu inafunguliwa, rilei inakata umeme wa bodi kwa sekunde 10, umeme unarudishwa, na femwea lazima ifunge valvu kabla ya kitu kingine chochote.

Katika toleo jipya tulitaka kupunguza misukumo isiyo ya lazima. Femwea ikawa inaacha alama kwenye RAM: valvu iko wazi. Ikiwaka, inasoma alama, ikiikuta, inafunga. Kipimo kilifaulu bodi zote nne, usiku baada ya usiku. Tukapeleka.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, simu ya mama anayesimamia kioski kimoja mkoani Singida.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Maji yamemwagika usiku kucha. Tenki tupu, na watu wako hapa na ndoo.”

Sauti yake haikuwa ya kulalamika, na hilo lilinichoma zaidi. Nilimuomba radhi, nikamwelekeza namna ya kufunga koki ya mkono, kisha nikaketi na kichanja, nikiwa bado nyumbani.

J-Link hupima volti ya bodi kwenye pini ya VTref. Ni namba inayotokea juu kabisa ukiunganisha, nami nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoiona. Zile proba zetu za zamani hazikuwa na kipimo hicho. Asubuhi ile nilikata umeme wa bodi kwa rilei, nikasoma. Ilipaswa kuwa sifuri, au karibu na sifuri. Ilisema volti 1.4. Nikasoma bodi ya pili: 1.3. Rilei zilikuwa zimekata kweli, lakini bodi hazikuwa zimezimika.

Kijana wetu alipofika karakana nikamwomba achomoe waya mmoja mmoja huku mimi nikisoma namba.

“Kaka, nimechomoa riseti.”

“Bado 1.4. Endelea.”

“Nimechomoa TX ya serial.”

“Subiri. 0.1. Usiguse kitu.”

Ulikuwa waya wa adapta ya mawasiliano ya serial, ile inayotuletea maandishi ya bodi. Ikiwa haina la kusema, adapta huushikilia waya wake wa kutuma juu, volti 3.3. Umeme huo ulikuwa ukipenya kwenye diodi za ulinzi za pini ya chipu na kuilisha chipu nzima kwa mlango wa uani. Haukutosha kuifanya ifanye kazi, lakini ulitosha RAM isisahau. Umeme mkuu ukirudi, chipu inajiwasha upya, alama iko palepale, valvu inafungwa, kipimo kinafaulu. Kule kijijini betri ilipokata hapakuwa na adapta. RAM ilikufa kweli, alama ikafutika, na femwea ikaamini valvu imefungwa.

Nimekuwa nikilifikiria sana jambo hili. Kichanja chetu hakikuwa kimedanganya. Kilijibu kwa usahihi swali ambalo hatukujua kuwa ndilo tunalouliza. Na kilichofichua ni namba moja ya volti niliyoweza kuisoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kugusa chochote. Ningelazimika kwenda na mita na kuigusisha kwenye bodi, ningefika saa tatu, na huenda ningeanza kwa kuchomoa nyaya zote, nikaondoa ushahidi kwa mikono yangu.

Tumeweka rilei ya pili inayokata na nyaya za adapta. Na kila kipimo cha kukata umeme sasa kinasoma VTref kwanza: isiposhuka chini ya volti 0.2, kipimo kinahesabika kimefeli, hata kama valvu imefunga vizuri. Femwea nayo ikirudi umeme inafunga valvu bila kuuliza alama yoyote.

Mambo mengine mawili kwa haraka. Usipime matumizi ya betri proba ikiwa imeunganishwa: ukiiruhusu chipu iendelee kuongea na proba wakati imelala, haijalala, na namba utakazopata si za kweli. Pia hesabu mara unazoandika. Fleshi ya STM32L4, kumbukumbu inayohifadhi femwea, imehakikishiwa mizunguko 10,000 ya kufuta na kuandika. Ukipakia mara 40 kwa siku unaifikia kwa siku 250. Programu ya J-Link hulinganisha kwanza na kuruka kurasa ambazo hazijabadilika, jambo linalosaidia sana, lakini bodi za kichanja zichukulie kama matairi, zina mwisho.

Bei ndiyo itakayokusimamisha. Kwa fedha ya proba moja ya mtandao unanunua makumi ya proba ndogo, kama ile ya Raspberry Pi iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 12. Bodi zako zikiwa mbili au tatu, hazina mota wala valvu, na ziko mezani pako, chukua hizo ndogo, zichomeke kwenye Raspberry Pi, endesha OpenOCD, programu huria ya kuendesha proba, umeshapata proba ya mtandao. Mimi mwenyewe bodi za modemu nazipima hivyo hadi leo. Fedha kubwa niliipeleka pale penye koili zinazogonga na pale ninapohitaji volti niisome nikiwa mbali.

Proba ya sita niliinunua iwe ya akiba. Kidhibiti cha kile kioski cha Singida tulikibadilisha wiki ileile, na bodi ya zamani ikarudi kwa basi, imefungwa kwenye kanga. Iko kwenye kichanja sasa, anwani .16, na kila usiku saa nane inakatiwa umeme valvu ikiwa wazi.