Hyrax Hill, Nakuru: Nenda Ukatazame Jaa

Kwa anayetaka kujua akiolojia inasomaje maisha ya nyumbani, tunapendekeza Hyrax Hill bila kusita. Kilima kiko nje kidogo ya mji, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Ndani ya makumbusho, nusu saa inatosha: tazama visu vya obsidiani, yaani kioo cha volkano, na vyombo vya mawe, halafu toka nje, maana utamu wenyewe uko kilimani.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa 1937. Wengi walidhani watu waliishi ndani ya mashimo ya Sirikwa, yaani mashimo ya duara yaliyoachwa na wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa, mpaka utafiti wa baadaye wa mwanaakiolojia John Sutton ulipoonyesha kwamba shimo lilikuwa zizi. Nyumba iliungana nalo ubavuni, na uliingia kwa kupitia kwa ng'ombe. Simama mlangoni mwa shimo, upande wa mteremko. Kile kituta kilicho mbele yako ni jaa, yaani samadi na taka zilizozolewa kutoka zizini.

Wanaochunguza nyumba za wakubwa wa Azteki, watu wa Meksiko ya kale, hutegemea taka vilevile. Huko Cuexcomate, jimbo la Morelos nchini Meksiko, Michael E. Smith na wenzake waliitambua nyumba ya watawala kwa majukwaa yaliyoinuliwa kuzunguka ua. Lakini vyungu vya kutoka mbali na obsidiani vilipatikana hata kwenye taka za wakulima. Wakubwa walivizidisha tu kwa wingi. Anayeangalia kuta peke yake atadhani pengo lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Basi ukiona jaa nene Hyrax Hill, usikimbilie kusema hapa palikaa tajiri. Huenda boma lilikaliwa miaka mingi zaidi. Ndiyo maana vigae vya vyungu huhesabiwa kwa kila mita ya ujazo ya udongo uliochimbwa, na muda wa makazi nao hupigiwa hesabu. Kosa la kudhani jaa nene ni utajiri huwanasa hata wanafunzi wa chuo.

Fika kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua likiwa chini, kivuli huchora kingo za mashimo. Adhuhuri yote huonekana bapa. Msimu wa masika nyasi huyafunika, kwa hiyo Januari au Februari ni afadhali. Mwombe mhudumu akuongoze, hasa mpaka kwenye mabao yaliyochongwa mwambani. Na kipande cha obsidiani ukikiona chini, kiache hapohapo: kikihamishwa, hakuna tena wa kujua kilitoka nyumba gani.