Apogee MQ-510: kipima mwanga nilichokodi kabla ya kununua taa nyingine

Tumbawe langu la Euphyllia ninalolifuga kwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, lile ambalo minyiri yake ina ncha kama nyundo, lilianza kujikunja mwezi wa pili. Wiki mbili baadaye rangi ya kijani imekwisha, mfupa mweupe unaonekana kupitia nyama. Nikapima chumvi, nikapima nitrati, nikabadilisha maji. Wapi! Aliyeniuzia taa ya LED aliniambia niiweke asilimia 70 ya nguvu yake, na mimi niliyekulia Shimoni, pwani ya Kenya, niliyeogelea kwenye matumbawe ya Kisite tangu utotoni, sikuuliza. Tumbawe si la juani?

Rafiki mmoja hapa Minneapolis akanishauri nikodi kwanza kipima mwanga. MQ-510 mpya ni zaidi ya dola 500, pesa nyingi kwa kitu cha kutumia mara mbili kwa mwaka. Dukani nilikikodi kwa dola 40, Ijumaa hadi Jumatatu.

Ni kijisanduku cha mkononi chenye kioo cha tarakimu, na waya mrefu ambao mwisho wake una kitambuzi kinachozamishwa majini. Kinapima PAR, yaani mwanga ambao mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe unaweza kuutumia kutengeneza chakula. Mwanga ukizidi, tumbawe huufukuza mwani huo likapauka, kama joto lilivyoyafanya matumbawe ya kwetu mwaka 1998. Ninachokipendea zaidi kipima hiki ni kwamba kinausoma vizuri mwanga wa buluu wa LED. Vya zamani viliupunja, na ukipimia majini ilibidi uzidishe tarakimu mwenyewe. Hiki kinajirekebisha.

Nilikifunga kwenye bomba la plastiki, nikazima pampu za mawimbi kwa sababu tarakimu zilikuwa zinarukaruka. Juu ya jiwe, pale pale lilipokaa Euphyllia: 338. Nikarudia mara tatu, ni hiyo hiyo. Matumbawe ya aina hiyo hutosheka na 80 hadi 150 hivi! Mchangani, sentimita 30 chini yake, 110. Kona ya kushoto, ambayo machoni pangu iling'aa sawa na katikati, 45. Macho yetu hayaushiki vizuri ukali wa buluu. Na ile asilimia ya kwenye programu ya taa haina maana mpaka ujue taa imetundikwa juu kiasi gani na maji yana kina gani.

Sikuizima taa wala kuibadilisha. Niliipandisha sentimita 10 ili mwanga usambae, nikashusha hadi asilimia 60, nikapima upya: jiwe 240, mchanga 95, kona 55. Euphyllia nikaliteremsha mchangani, juu ya jiwe nikaweka Montipora, tumbawe gumu linalopenda mwanga mwingi, na zoanthus, jamaa laini wa matumbawe, wakapata kona yao. Kazi yote, saa moja na nusu.

Ukikikodi, hakikisha kitambuzi kinatazama juu wima. Changu kiliinama kidogo tu, nikapoteza karibu 30. Kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kukirudisha.

Leo ni wiki ya sita. Jana usiku, taa zikikaribia kuzimika, niliiona minyiri imefunguka yote, na kwenye ncha tatu za upande wa kioo kijani kimerudi.